Kitufe cha Kijani

Ndugu wa Kuusivaara, asanteni kwa kuja.
Nje ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri
na bado Veikko kaja kwa baiskeli,
barafu imemganda masharubuni.
Asante, Lempi, kwa kahawa na mikate ya iliki;
kule Helsinki mmoja unauzwa kwa bei ya soksi.

Nimeleta karatasi. Nitasoma kwa utaratibu.

Jumanne, sheria ya misitu. Nilipiga hapana.
Tulishindwa kwa kura sita.
Misonobari ya serikali upande wa ziwa itakatwa,
ila si kabla kulungu hawajazaa. Kifungu hicho
tulikipata usiku wa manane, mimi na mtu wa chama kingine
ambaye hadi leo hanisalimii kwenye lifti.

Alhamisi, reli. Niliunga mkono.
Treni ya usiku inabaki, walau miaka mitatu.
Msipige makofi. Behewa la kulala ni moja.

Pensheni imepanda. Eino, naona,
amekwisha kupiga hesabu nyuma ya bahasha:
vikombe viwili vya kahawa kwa mwezi, na cha tatu nusu.

Mpaka wa mashariki ungali umefungwa.
Najua mna shangazi upande wa pili.
Naliuliza swali hilo katika kila kamati
na kila kamati hunijibu kwa sauti ya daktari wa meno:
kidogo tu, vumilia.

Sasa bajeti.

Ina kurasa mia nne na kumi.
Nilitaka kuwaambieni kwamba niliisoma yote.
Nilisoma barabara, nikasoma shule, nikasoma ruzuku ya dizeli,
kisha kengele ikalia, saa nane usiku,
tukaingia ukumbini tukiwa na viatu mkononi, wengine,
tukabonyeza.
Ubao ukawaka: kijani mia moja na nne.
Kijani kimojawapo ni kidole hiki.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili,
jedwali la tatu, kwa herufi ndogo kama sisimizi:
marekebisho ya huduma za uzazi, maeneo ya pembezoni.
Marekebisho! Neno limekoga, limechana nywele.
Maana yake wodi yetu inafungwa tarehe thelathini Juni.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Saimi,
mkunga aliyenizalisha mara mbili katika wodi hiyo.
Hakupaza sauti. Aliuliza, "Ulijua?"
Nami nikamjibu, Mungu anisamehe, "Swali zuri."

Majuto ni mjukuu, husemwa.
Basi wangu atazaliwa kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Jana niliiendesha njia yote hadi hospitali ya mkoa.
Kilomita mia moja na tisini.
Saa tatu kasoro dakika kumi, na theluji haikuwa ikianguka.
Kulungu kumi na tisa barabarani.
Kilomita arobaini bila mtandao wa simu.
Hii haimo kwenye karatasi, nimeiandika kiganjani.

Wiki ijayo napeleka hoja wodi irudishwe.
Nina majina sabini na tisa,
na humo wamo wanaosema ndiyo kwenye ngazi
na labda kwenye kiti.
Siahidi. Nimekwisha kuahidi sana nikiwa chumba hiki hiki.

Maswali?
Veikko, shusha mkono, la mbwa mwitu nitalijibu mwishoni.
Wewe, Henna, hapo nyuma,
koti limekataa kufungika, nawe wa Julai.

Haniulizi kuhusu kura.
Anauliza kama kule kwenye kilomita ya tisini
kuna mahali pa kuegesha.

Papo. Nilishuka nikapapima kwa hatua.
Panatosha gari moja na nusu.
Taa hakuna.